Pampasi, Winda na Bei ya Maji

Katika matumizi ya kaya yenye mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu, pampasi, yaani nepi inayotupwa baada ya kuvaliwa mara moja, ni gharama inayojificha vizuri kuliko nyingi, kwa kuwa aghalabu hununuliwa moja au mbili kwa wakati katika duka la mtaani ambako muuzaji amefungua pakiti na kuziuza rejareja, hivyo mzazi huona mia chache zikitoka kila mara bila kupata nafasi ya kuiona jumla yake. Anayenunua mojamoja, tena, hulipa zaidi kwa kila nepi kuliko anayemudu pakiti nzima, na matokeo yake ni kwamba wenye kipato kidogo ndio wanaouziwa ghali. Hapo ndipo hutolewa ushauri wa kurejea nepi ya kitambaa, ambayo hufuliwa na kuvaliwa tena. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini mara nyingi hutolewa nusunusu, kwa sababu nepi ya kitambaa nayo ina bei, ila bei hiyo hailipwi dukani: hulipwa bombani, kwenye sabuni na kwa mikono ya anayefua.

Kabla ya hesabu yenyewe, inafaa kueleza kinachonunuliwa. Pampasi ina tabaka tatu za msingi: kitambaa chepesi kinachogusa ngozi na kupitisha mkojo, moyo wa kati wenye nyuzi laini zitokanazo na mbao zikichanganywa na chembechembe za poliakrilati ya sodiamu, na utando wa plastiki wa nje unaozuia kuvuja. Chembechembe hizo, ambazo zilianza kutumika katika nepi katika miaka ya 1980, zina uwezo wa kunyonya maji mara nyingi kupita uzito wake na kugeuka kuwa ute mzito usiorudisha unyevu hata mtoto akikaa juu yake, na ndizo zinazomwezesha kulala usiku kucha bila kubadilishwa. Kabla ya hapo nepi ya kutupwa ilikuwa kifaa dhaifu, ingawa ilikwisha kuingia sokoni Marekani mwaka 1961, kampuni ya Procter & Gamble ilipoanza kuuza Pampers, jina ambalo katika Afrika Mashariki limekuja kutumika kwa nepi za kampuni zote.

Winda, ambalo ndilo jina la zamani la kitambaa afungwacho mtoto mchanga, halikuhitaji kiwanda. Pwani na hata bara, kanga iliyofuliwa mpaka ikalainika ndiyo iliyokatwa vipande kwa kazi hiyo, na mama mjamzito aliziweka kanga zake kuukuu akijua zitakuwa na matumizi. Kwa hiyo mjadala wa leo hauhusu kuleta jambo geni, bali unahusu kama jambo la zamani bado linalipa katika nyumba ya kupanga ambayo maji yake hununuliwa kwa dumu.

Ichukuliwe kwa mfano kaya ya mjini Tanzania inayotumia pampasi 5 kwa siku, kiasi cha kawaida kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, na inunue kila moja kwa shilingi 500. Matumizi yatakuwa shilingi 2,500 kwa siku, 75,000 kwa mwezi wa siku 30, na 1,350,000 kwa miezi 18, iwapo mtoto ataacha nepi akiwa na miaka miwili na nusu. Kaya hiyo hiyo ikinunua nepi 20 za kitambaa za kisasa kwa shilingi 10,000 kila moja, itatoa 200,000 mwanzoni. Nepi hizo zikifuliwa kila baada ya siku mbili, kila ufuaji ukatumia madumu matatu ya lita 20 kwa kusuuza, kufua na kusuuza tena mara mbili, na dumu likiuzwa shilingi 300, maji yatagharimu 900 na sabuni 500, yaani 1,400 kwa kila ufuaji na 21,000 kwa mwezi. Kwa miezi 18 jumla ni 378,000, ambayo pamoja na bei ya nepi zenyewe inafika 578,000. Hata kaya ikiamua kumvalisha mtoto pampasi moja kila usiku, jambo ambalo litaongeza 270,000, bado itabaki na zaidi ya shilingi 500,000 mkononi.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inasimama juu ya bei ya dumu. Maji yakikatika na wauza maji wa mikokoteni wakapandisha dumu hadi shilingi 1,000, ufuaji mmoja utagharimu 3,500, mwezi utagharimu 52,500, na kwa miezi 18 maji na sabuni pekee vitakula 945,000. Ukijumlisha bei ya nepi na pampasi za usiku, kaya itakuwa imetumia 1,415,000, zaidi ya ile ambayo haikufua hata siku moja. Viwango hivi ni vya mfano tu na kila mtaa una vyake, lakini vinaonyesha kwamba anayetaka kujua kama nepi ya kitambaa itamlipa aanze kwa kuuliza bei ya maji kabla ya kuuliza bei ya nepi. Mwenye kisima uani, au mwenye tangi la kukinga mvua, ana jibu tofauti kabisa na jirani yake wa ghorofa ya tatu.

Kuna gharama nyingine ambayo washauri wa kubana matumizi huiruka kwa urahisi wa kutia shaka, nayo ni kazi. Nepi kumi hazijifui, na katika nyumba nyingi mfuaji ni mama aliyerudi kazini jioni au dada wa kazi ambaye mshahara wake hauongezwi kwa sababu mwajiri wake ameamua kubana matumizi. Kuita jambo hilo akiba bila kutaja imetoka kwa nani ni kukosa haki.

Kwa upande wa aina, nepi za kitambaa zinazopatikana zinaweza kugawanywa katika mbili. Ya kwanza ni kipande bapa cha kanga, pamba laini au taulo jembamba, kinachokunjwa kisha kufungwa kwa pini au kushikiliwa na chupi ya nailoni inayovaliwa juu yake. Kanga moja, yaani nusu ya doti, ikikatwa katikati ya urefu wake hutoa vipande viwili vya takriban sentimita 75 kwa 110. Kipande kikikunjwa mara mbili hupata tabaka nne, ambazo zinatosha mtoto mchanga lakini hazimtoshi mtoto anayetembea, kwa kuwa huyu hukojoa mara chache na kila mara kwa wingi, kwa hiyo huhitaji kipande cha pili kiwekwe katikati. Aina ya pili ni nepi ya mfuko, iliyoshonwa kwa poliesta iliyopakwa utando wa poliyurethani usiopitisha maji, yenye vifungo vya kubonyeza vya kupunguza au kuongeza ukubwa, na yenye uwazi wa kutumbukizia pedi ya kunyonya. Hii hupendwa kwa sababu huvaliwa kama pampasi, lakini pedi yake nene huchelewa kukauka wakati wa masika au katika nyanda za baridi kama Njombe na Limuru, ambako kipande bapa, kwa sababu hutandazwa chote kwenye kamba, hukauka upesi zaidi. Asiye na shilingi 200,000 za kutoa kwa mkupuo anaweza kuanza na kanga alizonazo na chupi tatu za nailoni, na asipungukiwe na lolote la maana.

Ufuaji ndio mahali ambapo wengi hukata tamaa, na sababu yake aghalabu ni kukosea taratibu ndogo. Mtoto aliyeanza kula ugali na ndizi hutoa kinyesi kigumu kuliko cha mtoto anyonyaye, nacho hudondoka chooni kikikung'utwa, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa anayeanza kutumia kitambaa baada ya mwaka wa kwanza. Kinachobaki husuuzwa kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto hugandisha doa la kinyesi katika nyuzi, kisha nepi huwekwa katika ndoo kavu inayopata hewa hadi siku ya kufua, wala hazilowekwi siku mbili katika maji yanayogeuka kuwa uvundo. Siku ya kufua hutumika maji ya moto na sabuni ya unga, na kusuuza huendelea mpaka povu liishe. Sabuni ya mche inafaa pale tu maji yalipo laini. Katika maji ya chumvi ya visima vingi vya Dar es Salaam na Dodoma, sabuni hiyo hukutana na madini ya kalsiamu na magnesiamu ikafanya utando mweupe wenye mafuta unaong'ang'ania kwenye kitambaa, na baada ya wiki kadhaa nepi huacha kunyonya na kuanza kunuka mkojo mara tu inapolowa. Vilainisha nguo vyenye harufu nzuri na mafuta mazito ya kupaka mtoto huleta madhara yaleyale kwa njia nyingine, kwa kuwa hufunika nyuzi na kuzuia maji yasipenye.

Baada ya kufuliwa, nepi huanikwa kwenye kamba juani, wala si kwenye majani au ukuta wenye kivuli. Sharti hili lina sababu mahsusi katika Afrika Mashariki: kuna inzi, ambaye kitaalamu huitwa Cordylobia anthropophaga, anayetaga mayai kwenye udongo au nguo mbichi, hasa zenye harufu ya mkojo au jasho, na mayai hayo yakianguliwa, funza wake hupenya ngozi ya aliyevaa na kukua ndani ya uvimbe unaofanana na jipu. Inzi huyo hukwepa jua kali, na joto la pasi huua mayai yake, ndiyo maana mabibi walisisitiza kupiga pasi nguo za mtoto mpaka kwenye mishono hata pale ambapo haikuonekana kuwa na faida ya urembo. Pedi na vipande vya kanga hupigwa pasi bila tatizo. Nepi ya mfuko haipigwi, kwa kuwa utando wake huyeyuka, na hivyo hubaki juani mpaka ikauke kabisa au kuanikwa ndani ya nyumba yenye nyavu madirishani.

Dai kwamba kitambaa humkinga mtoto dhidi ya vipele halina msingi imara. Vipele hutokana na unyevu na kinyesi kukaa muda mrefu kwenye ngozi, na mtoto aliyeachwa saa sita na kitambaa kilicholowa ataumia sawa na aliyeachwa na pampasi iliyojaa, pengine zaidi, kwa kuwa kitambaa hakina zile chembechembe za kuufungia mkojo mbali naye. Linalosemwa kuhusu mazingira nalo linahitaji tahadhari. Ni kweli kwamba pampasi zilizotupwa hujaza mashimo ya vyoo na kuziba mifereji, lakini utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza uliotolewa mwaka 2008 ulikuta kwamba kwa upande wa gesi zinazopasha dunia joto tofauti ya aina hizo mbili ilikuwa ndogo sana, na kwamba kitambaa kilishinda wazi pale tu kilipoanikwa kwenye kamba, kilipofuliwa kwa mkupuo mmoja mkubwa na kilipovaliwa na mtoto wa pili. Masharti hayo, ambayo Uingereza yanahitaji kuhimizwa, huku ndiyo hali ya kila siku.

Hata hivyo, faida kubwa kuliko zote ya kitambaa kwa mtoto wa umri huu haimo katika bei ya nepi, bali katika idadi ya miezi. Mtoto aliyevaa pampasi hukojoa na kuendelea na mchezo wake akiwa mkavu, ilhali aliyevaa kitambaa huhisi kilichotokea, na hisia hiyo humsaidia kuunganisha kukojoa na matokeo yake. Mwaka 1977 Marten deVries na Rachel deVries walichapisha katika jarida la madaktari wa watoto la Marekani utafiti wao kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya, walioanza mafunzo wiki chache tu baada ya kuzaliwa: mama aliketi chini akiwa amenyoosha miguu, akampakata mtoto katikati ya mapaja yake akiwa ametazama mbele, akatoa sauti ya kumwashiria akojoe, na mtoto akiitikia alipongezwa kwa kunyonyeshwa au kubembelezwa. Kufikia miezi mitano au sita watoto hao walitarajiwa kuwa wakavu mchana na usiku, wakati ambapo madaktari wa Marekani, wakifuata maelekezo ya Thomas Berry Brazelton ya mwaka 1962, walishauri kungoja dalili za utayari hadi mtoto apate takriban miezi 18. Njia ya Wadigo ilitegemea mtu mzima aliye na mtoto muda wote, sharti ambalo mama wa mjini hawezi kulitimiza, na kumlazimisha au kumkaripia mtoto huchelewesha mambo.

Lakini mtoto wa miezi 18 au 20 anayetembea, anayeelewa maneno machache na anayeweza kukaa mkavu kwa saa mbili amekwisha kuwa tayari kwa viwango vya pande zote mbili, na anaweza kuketishwa kwenye poti kila baada ya kulala na kula, huku mchana akivishwa chupi nene ya pamba bila nailoni juu yake. Sakafu italowa kwa wiki kadhaa. Katika kaya ya mfano iliyotajwa, mtoto akiacha nepi miezi sita kabla ya wakati uliokisiwa, shilingi 450,000 za pampasi huokolewa bila kununua nepi hata moja ya kisasa, na dumu likiwa shilingi 1,000 akiba hiyo bado ipo, pungufu kidogo tu kwa ajili ya chupi zilizofuliwa na sakafu iliyodekiwa.