Uchambuzi wa Kimekanika wa Risasi Zenye Teke Jepesi kwa Karabini za Mashindano Zinazotumia Risasi za Bastola

Ikisiri

Makala hii inaeleza kanuni zinazoongoza utayarishaji wa risasi zinazojazwa kwa mkono kwa ajili ya karabini za mashindano zinazotumia risasi za bastola za milimita 9. Hoja kuu ni kwamba wepesi wa teke hautokani na uzito wa kichwa cha risasi peke yake, bali na uwiano kati ya momenta ya risasi, tungamo la komeo na nguvu ya springi. Makala inaonesha pia kuwa ziada inayoachwa juu ya kiwango cha kanuni ni suala la kitakwimu, na kwamba upo mpaka wa chini ambao usalama hauruhusu uvukwe.

1.0 Utangulizi

Nchini Marekani, shirika la United States Practical Shooting Association (USPSA) lilianzisha daraja la karabini za risasi za bastola mwaka 2016. Katika daraja hilo mshindani hapati alama za ziada kwa kutumia risasi kali. Anatakiwa tu kufikia kipimo cha nguvu kisichopungua 125. Kipimo hicho hupatikana kwa kuzidisha uzito wa kichwa cha risasi, kwa greni, na mwendokasi wake, kwa futi kwa sekunde, kisha kugawanya kwa 1,000. Greni moja ni sawa na gramu 0.0648.

Kwa kuwa nguvu inayozidi kiwango haina malipo, mshindani hutafuta risasi inayovuka 125 kwa ziada ndogo huku ikiitikisa silaha kidogo iwezekanavyo, ili nukta ya shabaha irejee upesi mahali pake. Hapo ndipo linapozuka swali la makala hii: ni nini hasa kinachopunguza teke, ikiwa momenta ya chini tayari imewekwa na kanuni?

2.0 Uzito wa kichwa cha risasi na mchango wa gesi

Tuchukue vichwa viwili vya risasi vyenye kipimo cha nguvu cha takriban 130. Cha kwanza kina greni 147 na mwendokasi wa mita 270 kwa sekunde; cha pili kina greni 115 na mwendokasi wa mita 344 kwa sekunde. Momenta zao zinalingana, kwani kila kimoja kina takriban 2.57 kg·m/s. Nishati mwendo hazilingani: cha kwanza kina takriban jouli 347, cha pili jouli 441. Kichwa chepesi kinahitaji nishati zaidi ili kutoa momenta ileile, na kwa kawaida hilo humaanisha baruti nyingi zaidi. Baruti ikishaungua, gesi yake hutoka katika mdomo wa mtutu ikiwa na momenta yake, nayo huongeza teke.

Hata hivyo, athari hii isikuzwe kupita kiasi. Baruti ya risasi ya milimita 9 ni sehemu ndogo ya gramu. Kwa hiyo tofauti ya mchango wa gesi kati ya risasi hizi mbili ni asilimia chache tu ya momenta yote. Mtutu mrefu huipunguza zaidi, kwa kuwa kanieneo ya gesi huwa imeshuka sana kabla kichwa hakijatoka. Kwa hiyo kichwa kizito kinasaidia, lakini hakielezi hali yote.

3.0 Komeo kama chanzo cha teke

Karabini nyingi za aina hii hazina mfumo wa kulifunga komeo. Kinachozuia ganda lisitoke mapema ni uzito wa komeo pamoja na kizuizi chake cha nyuma. Tukichukulia tungamo la pamoja la kilo 0.7, momenta ya 2.57 hulipa komeo mwendokasi wa takriban mita 3.7 kwa sekunde na nishati ya jouli 4.7, kabla ya springi kufyonza sehemu yake.

Karabini ya kilo 3 ambayo sehemu zake zote zingerudi kwa pamoja ingepata jouli 1.1 tu. Ulinganisho huu unaonesha kwamba anachokihisi mpigaji begani si mlipuko wenyewe hasa, bali ni komeo kugonga mwisho wa njia yake na kisha kurudi mbele kwa kishindo. Kuongeza tungamo la komeo hupunguza kasi yake ya kurudi nyuma, lakini huifanya nukta ya shabaha izame komeo linapofunga. Springi ngumu nayo hulainisha pigo la nyuma na kukoleza la mbele. Ndiyo maana risasi haitayarishwi peke yake: hutayarishwa pamoja na komeo na springi ya silaha husika.

4.0 Ziada ya kitakwimu

Katika ukaguzi wa mashindano, kichwa kimoja hupimwa uzito na risasi tatu za kwanza hupigwa ili kupata wastani wa mwendokasi. Kwa kichwa cha greni 147, mpaka wa 125 ni mita 259.2 kwa sekunde. Chukulia mchepuko sanifu wa mita 4 kwa sekunde: wastani wa risasi tatu utakuwa na mchepuko wa takriban mita 2.3. Risasi iliyolengwa kipimo cha 127 imeuzidi mpaka kwa mita 4.1 tu, kwa mgawanyo wa kawaida, takriban mara 4 katika 100 itashindwa katika hatua hiyo. Iliyolengwa 130 inaacha mita 10.4, na uwezekano huo karibu unatoweka. Anayeshindwa ukaguzi kabisa huendelea kupiga bila kuhesabiwa alama. Hivyo, usawa wa risasi moja na nyingine ndio unaomruhusu mshindani kushuka karibu na mpaka.

5.0 Mpaka wa usalama

Mwendokasi lazima upimwe katika karabini yenyewe. Baruti inayoungua haraka humaliza kazi yake mapema; katika mtutu wa inchi 16 gesi huendelea kupanuka na kupoa wakati msuguano ukibaki, na faida ya urefu huwa ndogo. Risasi dhaifu kupita kiasi inaweza kukiacha kichwa kimekwama mtutuni, na risasi inayofuata ikaupasua mtutu. Aidha, kiasi kidogo cha baruti huacha nafasi kubwa ndani ya ganda, hata ganda likaweza kujazwa mara mbili bila kumwagika. Kwa sababu hizo, vipimo hubaki ndani ya majedwali yaliyochapishwa na watengenezaji wa baruti, na kila ganda hukaguliwa kwa macho kabla ya kufungwa.

6.0 Hitimisho

Teke jepesi ni zao la mfumo mzima. Kichwa kizito hupunguza mchango wa gesi. Komeo na springi huamua namna momenta inavyofika begani. Usawa wa risasi huamua ziada inayohitajika. Mtafiti anayepima kipengele kimoja huku vingine vikibadilika hawezi kudai kuwa amepata chanzo cha wepesi huo.