Njia Salama za Baiskeli Vijijini: Zinavyojengwa na Jinsi Wakazi Wanavyoweza Kuziomba

Kila alfajiri, barabara ya Moi South Lake kule Naivasha huwa na waendesha baiskeli wanaowahi kazi kwenye mashamba ya maua. Kwingineko katika Kaunti ya Nakuru, kuanzia Njoro hadi Subukia, baiskeli hubeba mitungi ya maziwa, magunia ya viazi, wanafunzi, na hata wagonjwa wanaopelekwa zahanati. Haihitaji petroli, na hufika mahali ambapo matatu haiendi.

Shida ni njia. Vijiji vingi vimeunganishwa na shule, soko na zahanati kwa vijia ambavyo hugeuka tope wakati wa mvua ya masika, kati ya Machi na Mei. Kijia kikishindwa kupitika, mwenye baiskeli hubaki na mambo mawili: kukaa nyumbani au kuingia barabara kuu.

Hatari ya barabara kuu

Barabara ya A8, inayopita Naivasha, Gilgil, Nakuru, Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, ndiyo pia njia ya mizigo inayoelekea Uganda na nchi jirani. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) zinaonyesha kuwa zaidi ya watu 4,000 hufariki kila mwaka katika ajali za barabarani nchini, na wanaotembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi.

Mwendo wa gari ndio huamua kama aliyegongwa atapona. Anayegongwa na gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa ana nafasi kubwa ya kuishi. Kwa kilomita 80 kwa saa, nafasi hiyo ni ndogo sana. Kilomita 80 ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kisheria kwa matatu, mabasi na malori. Kwa hivyo hata dereva anayetii sheria anaweza kumuua mwendesha baiskeli wakitumia sehemu moja ya barabara. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kuwatenganisha.

Njia salama ina nini?

Ukingo wa lami hauhesabiwi kuwa njia ya baiskeli. Hapo ndipo matatu husimama na malori huegeshwa. Njia salama ina mambo matano.

Kwanza, imetenganishwa na magari kwa mtaro, ukingo wa mawe au ukanda wa nyasi, au inapita mbali kabisa na barabara.

Pili, ina upana wa kutosha. Baiskeli mbili zenye mizigo zikipishana huhitaji angalau mita 2, na mita 3 ni bora zaidi pale wanapopita pia watu wa miguu.

Tatu, inapitisha maji. Udongo wa majivu ya volkeno ulio sehemu nyingi za Naivasha, Gilgil na Njoro humomonyoka haraka. Njia iliyochongwa bila mitaro na kalvati inaweza kuwa korongo baada ya msimu mmoja wa mvua. Changarawe iliyoshindiliwa vizuri inatosha kwa njia nyingi za vijijini, na kabro huwekwa penye mteremko au tope sugu.

Nne, haina mwinuko mkali. Mwinuko ukizidi mita 5 kwa kila mita 100 za mwendo, mwenye mzigo huanza kushuka na kusukuma. Kwenye miteremko ya Subukia au vilima vya Kuresoi, njia hulazimika kuzunguka ikifuata umbo la kilima, hata kama hilo litaongeza urefu wake.

Tano, ina kivuko salama pale inapokatana na barabara ya magari: matuta, alama za kuonya madereva, na mahali pa kusubiri.

Kuanzia pale njia inapokatika

Si lazima kila njia ijengwe upya. Mara nyingi kijia kipo na watu wanakitumia. Kinachokifanya kiwe hatari ni sehemu fupi tu, kwa mfano kijito kisicho na daraja, korongo, au kivuko cha barabara kuu. Kutengeneza sehemu hiyo kunaweza kufungua kilomita nyingi kwa gharama ndogo.

Nchini Nikaragua, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia vijiji vilivyotengwa na mito wakati wa mafuriko. Mapato ya ajira yalishuka kwa asilimia 18 mafuriko yalipokuja. Katika vijiji vilivyojengewa madaraja ya miguu, upungufu huo haukuonekana tena.

Kwa watoto, faida huonekana shuleni. Nchini Zambia, utafiti wa wasichana waliopewa baiskeli vijijini ulionyesha kuwa muda wao wa kwenda shule ulipungua kwa takriban thuluthi moja, na utoro ukapungua kwa asilimia 28. Lakini baiskeli humfaa mtoto pale tu mzazi anapoiamini njia atakayopita.

Nani anahusika?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la barabara za kaunti. Barabara kuu za kitaifa zinasimamiwa na KeNHA, huku KURA na KeRRA zikishughulikia barabara nyingine za kitaifa za mijini na vijijini. Kwa hivyo ombi la njia kando ya A8 huhitaji idhini ya KeNHA, lakini njia inayounganisha vijiji viwili kwenye barabara ya kaunti ni suala la kaunti.

Ardhi nayo huleta mvutano. Hifadhi ya barabara ni mali ya umma, na ua, kibanda au mimea iliyoingia humo huziba nafasi ya njia. Vijia vingine hupita kwenye mashamba ya watu, na mwenye shamba anaweza kukifunga siku yoyote. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua haki ya njia ya jamii. Serikali ya kaunti, chama au kundi la watu wanaweza kuiomba, na mwenye ardhi ana haki ya fidia. Ni vyema mazungumzo naye yaanze mapema, kabla ya mchoro wowote.

Jinsi ya kuwasilisha ombi

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, bajeti ya kaunti hufuata tarehe maalum. Mpango wa Maendeleo wa Kila Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya Mkakati wa Fedha huwasilishwa kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mradi usiotajwa katika mpango wa Septemba huwa vigumu kupata fedha baadaye.

Katika vikao vya ushirikishaji wa umma, njia ya baiskeli hushindana na maji, zahanati na madarasa. Wanaoihitaji zaidi mara nyingi hawapo kikaoni: mfanyakazi yuko shambani, na mwanafunzi yuko darasani. Wasipowakilishwa, hitaji lao haliandikwi.

Ombi lenye nguvu hujibu maswali haya:

• Njia inaanzia wapi na kuishia wapi, na inapita shule, soko au zahanati gani?
• Ni watu wangapi huitumia siku ya shule na siku ya soko?
• Inakatika wapi, na hali yake ikoje wakati wa mvua? Picha husaidia.
• Je, wenye mashamba wamekubali?
• Nani atasafisha mitaro na kufyeka nyasi?

Swali la mwisho si dogo. Barabara ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilijengewa njia za miguu na baiskeli, lakini baadhi ya sehemu zake zilitwaliwa na wachuuzi na bodaboda. Njia isiyo na mlinzi huisha.

Wakazi wanaweza kupeleka ombi kwa maandishi katika ofisi ya msimamizi wa wadi, na nakala kwa mwakilishi wa wadi. Kuhesabu wanaopita hakuhitaji mhandisi: watu wawili, daftari moja, na asubuhi mbili kando ya kijia zinatosha. Hesabu ikifanywa mapema, itakuwa tayari kabla ya Septemba.