Hakuna Wimbo wa Lingala wa Kufungua Milango

"Mwalimu, tupe ule wimbo wa Lingala wa kufungua milango." Ombi hili hunijia kila mara kwaya za Voi, Mwatate na Wundanyi zinapojiandaa kwa kesha. Mvua imekawia, tembo wa Tsavo wamemaliza mahindi, mtoto amelazwa. Shida ni za kweli, na kumlilia Mungu ni haki yao. Kinachonichosha ni imani kwamba kilio cha Lingala hufika upesi zaidi, na kwamba kadiri waumini wasivyoelewa maneno ndivyo upako unavyozidi.

Si kweli. Lingala ni lugha ya Kibantu, kama Kidawida, lugha ya Wataita. Ilikulia kwenye biashara ya Mto Kongo katika karne ya 19, ikaenezwa na askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, na wamisionari Wakatoliki wa Scheut wakaitungia sarufi. Kwa lugha hiyo hiyo Kinshasa husifu bia, wapenzi na wanasiasa. Utakatifu haumo katika irabu zake. Isitoshe, Wakongo wa Goma na Bukavu humwomba Mungu kwa Kiswahili. Angela Chibalonza, mzaliwa wa Kongo aliyefariki Septemba 2007 kwa ajali kwenye barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, hii inayopita Voi, aliwaliza Wakenya kwa Kiswahili. Nani alisema upako umepungua?

Machozi huletwa na ufundi. Wimbo huanza taratibu, kiitikio kifupi hurudiwa huku kiongozi akiongeza ombi baada ya ombi, gita humjibu, sauti za kwaya hupanda kidogo kidogo mpaka kifua kinabana. Seben, pale magita yanaposhika kasi na watu kuinuka, huja mwishoni kabisa. Haya yote hufundishika, na hata Kisagalla, lugha ya vilima vya karibu na Voi, huyabeba vizuri tu. Lugha imepewa sifa za kazi ya mpiga gita.

Madhara yapo. Timu ya sifa hunakili wimbo kutoka kwenye simu kwa sikio, maneno yakavunjika. Lingala hutofautisha maana kwa sauti ya juu na ya chini, na neno "moto" laweza kuwa mtu. Kanisa zima linaweza kuitisha moto ushuke huku wimbo ukimtaja binadamu. Paulo aliliuliza jambo hili katika 1 Wakorintho 14: asiyeelewa ataitikiaje Amina? Mama aliyekuja kumlilia mwanawe anastahili kujua anamwambia Mungu nini. Na yeyote anayewaagiza muurudie wimbo fulani mara saba kisha mtume sadaka kwa simu, mwepukeni. Huyo anauza hofu yenu.

Bado mnataka Lingala? Sawa, ni muziki mzuri na ninaupenda. Mtafuteni mzungumzaji wa Lingala asahihishe matamshi na kueleza kila mstari. Kiitikio kibaki cha Lingala, beti ziwe za Kiswahili au Kidawida. Tafsiri iandikwe ukutani au isomwe kabla ya kuimba. Katika wimbo wa kusihi, acheni seben kabisa. Iwekeni kwenye shukrani. Mkitaka kurekodi, ombeni ruhusa ya mtunzi kwanza. Mpiga besi apunguze sauti, maneno yafike benchi la nyuma.