Kasha la Vitabu vya Mtoto: Tartibu ya Kufundisha Lugha Nyumbani

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imemlazimisha mzazi wa Tanzania kumwandikisha mtoto wake shule ya msingi afikapo umri wake, na kwa hiyo mtu atajapo elimu ya nyumbani katika kata ya Ibighi, au mahali pengine popote wilayani Rungwe, aghalabu hakusudii kumtoa mtoto darasani, bali anakusudia ile elimu ipatikanayo barazani na jikoni kabla mtoto hajalifikia darasa la awali, na ile ya jioni na siku za mapumziko baada ya kulifikia. Elimu hiyo si mpya katika lugha yetu, wala si haba. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia binti yake utenzi wa wasia ambao umedumu hata leo. Na Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 akafariki mwaka 1962, aliwatungia wanawe Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, wa kwanza kwa binti na wa pili kwa mwana wa kiume. Wazazi hao wawili hawakungoja mtu mwingine awaletee wana wao maneno mema. Waliyatafuta wenyewe, wakayapanga kwa mizani, wakayakabidhi.

Mzazi wa leo ana wingi ambao wao hawakuwa nao, na wingi huo ndio mushkili wake. Akishuka mjini Tukuyu, au akisafiri hata Mbeya, ataona mabango ya herufi, vitabu vya picha, madaftari ya kufuatisha nukta, na simu yake itamletea katuni za Ubongo Kids na vitabu vya bure visivyo na idadi. Naye asipokuwa na kipimo atanunua kwa uzuri wa jalada. Rai yangu ni kwamba vifaa vya nyumbani vichaguliwe kwa ajili ya yale ambayo darasa lenye watoto wengi haliyawezi, yaani mazungumzo, kusomewa kwa sauti, na kusahihishwa matamshi mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Kisha vipangwe kwa tartibu ya sauti za lugha, si kwa namba ya darasa iliyochapwa juu ya kitabu.

Mtoto wa Ibighi mara nyingi hukiingia Kiswahili hali ana lugha nyingine masikioni, nayo ni Kinyakyusa, na wapo wazazi waionao hali hiyo kuwa aibu, wakamkataza mtoto lugha ya bibi yake kwa dhana ya kwamba itamharibia Kiswahili. Dhana hiyo haina msingi. Wamisionari wa Kimoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walianza kuwasomesha wenyeji kwa Kinyakyusa, na waliosomeshwa hivyo hawakushindwa kukipokea Kiswahili baadaye. Kinyakyusa kina irabu saba ilhali Kiswahili kina tano, ndiyo maana tahajia yake ya siku hizi huongeza herufi mbili zenye mstari katikati, ɨ na ʉ. Fauka ya hayo, urefu wa irabu katika lugha hiyo hubadili maana ya neno, na mtoto aliyelelewa nayo huisikia tofauti hiyo pasipo kufundishwa. Sikio la namna hiyo ni mtaji. Mzazi amwekee mbele kadi zenye kata na kataa, kufa na kufaa, kupa na kupaa, amsomee polepole, naye mtoto atakuwa na pa kuanzia katika jambo linalowasumbua hata watu wazima katika imla.

Taabu iko kwingine. Sauti za th, dh na gh, ambazo Kiswahili kilizipata kwa njia ya Kiarabu, huwawia ngumu watoto wengi; l na r huchanganyika katika vinywa vya wengi; na wapo ambao z huwatoka kama s. Hapa ndipo kifaa cha bei ndogo kinapokuwa na thamani kuliko kitabu cha bei kubwa: vipande vya boksi vilivyokatwa sawasawa na kuandikwa jozi za maneno, mathalani kula na kura, mahali na mahari, kazi na kadhi, samani na thamani, zaa na saa. Mzazi atamke, mtoto aonyeshe kadi. Kisha wabadilishane, mtoto atamke na mzazi aonyeshe. Kosa litajidhihirisha lenyewe bila ya mtoto kukemewa, kwa kuwa kadi iliyoonyeshwa siyo aliyoikusudia. Na mzazi ambaye mwenyewe hazimudu sauti hizo asione haya kuketi na mwanawe mbele ya redio wakati wa taarifa ya habari, wasikilize pamoja jinsi msomaji anavyosema dhahabu, thelathini na ghafla, wamwigize wote wawili.

Sasa nije kwenye tartibu yenyewe. Maandishi ya Kiswahili yana fadhila ambayo lugha nyingi hazina: karibu kila herufi hushika sauti yake moja, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Kwa sababu ya fadhila hiyo wazee wetu walifundishwa kuimba a e i o u, ba be bi bo bu, na hata leo nyumba nyingi huanza hivyo. Wimbo huo haudhuru kwa siku chache, lakini ukiendelea kwa miezi humfanya mtoto ahifadhi kwa moyo asichokisoma kwa jicho. Mwonyeshe bu peke yake, naye atapita kwanza ba, be, bi na bo ndipo aifikie. Dawa yake ni kuzichanganya silabi mapema na kuzitia katika maneno tangu juma la kwanza. Irabu tano pamoja na m, k, l, t na n zatosha kumpa mtoto mama, kaka, lala, lima, kula, meno na tano, na mtoto aliyesoma neno lenye maana hataridhika tena na kuimba tu. Na herufi zitajwe kwa sauti zake, kama ulivyokazia mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulioanza kutumika katika darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, kwa kuwa mtoto anayeijua b kwa jina la be hawezi kuona kwa nini be na a zikikutana zizae ba.

Baada ya silabi nyepesi huja ile m isimamayo peke yake bila irabu, kama katika mti, mto na mkate. Kisha mb, nd, nj, ng na nz. Kisha ch, sh, ny, pamoja na ng' yenye ritifaa, ambayo sharti ipambanuliwe na ng kwa kuweka ng'ombe na ngoma ubavu kwa ubavu. Kisha th, dh na gh. Na mwisho kabisa mikusanyo mizito kama mbw, ngw na nyw. Mzazi akiishika tartibu hiyo kichwani atayatazama mabango ya dukani kwa jicho jingine. Ataona, kwa mfano, kwamba mbwa huchorwa katika kurasa za mwanzo za vitabu vingi kwa sababu ni mnyama wa nyumbani anayejulikana na kila mtoto, ilhali neno lake lina konsonanti tatu kabla ya irabu moja na lastahili kungoja hata mwisho. Ukurasa wa namna hiyo ni mzuri kwa kuzungumzia picha, si kwa kusomea.

Kuna kifaa kingine ambacho hakiuzwi, nacho ni ushairi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani minane, na mizani ndiyo silabi. Kwa hiyo mtoto apigaye makofi manane kwa kipande kimoja anajifunza kulikata neno katika silabi zake kabla hajashika penseli. Nimeona watoto wa miaka mitano wakiligundua kosa la mizani kwa kuwa kofi limewabakia mkononi. Vitendawili navyo hufanya kazi ya pili, ya kumzoeza mtoto kusikiliza sentensi fupi yenye maana iliyofichwa, akairudia akilini hata aipate. Na katika nyumba za Rungwe vitendawili vyaweza kutegwa kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili usiku mmoja, pasipo lugha moja kuidhulumu nyingine.

Katika hadithi ndipo mzazi anapopaswa kuwa na hadhari zaidi. Asome kitabu chote kwa sauti kabla ya kukinunua. Ulimi ukikwama mara kwa mara, mwenye kosa ni kitabu. Kiswahili kilichofasiriwa vibaya hujulikana kwa sentensi ambazo hakuna bibi yeyote angezisema. Atazame kama sentensi zinarudia maneno yale yale katika hali mpya, kwa sababu marudio ndiyo yanayompa msomaji mchanga ushujaa. Atazame kama picha inaeleza jambo linalosemwa na maneno ya ukurasa huo huo. Na atazame kama mtoto wa mahali penye migomba, mashamba ya chai na mvua nyingi atajiona humo, japo kwa kurasa chache. Hazina ipo. Edward Steere alizikusanya ngano za Unguja kutoka vinywani mwa wenyeji na kuzichapisha London mwaka 1870, na nyingi kati yake bado husimuliwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa nchini mwaka 1991 umesaidia kutoa vitabu vingi vya Kiswahili vilivyotungwa na Watanzania wenyewe. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na African Storybook, mpango wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hutoa hadithi za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi, ambazo ni halali kupakuliwa na kuchapwa bila malipo. Lakini wingi usimhadae mtu. Vitabu vitano vinavyosomwa hata kurasa zikalegea ni bora kuliko arubaini vilivyofunguliwa mara moja.

Kuhusu Kiingereza nitasema kwa ufupi, kwa kuwa najua hamu ya wazazi ilivyo kubwa. Mtoto na akisikie, aimbe nyimbo zake, ajue majina ya vitu. Walakini kusoma kuanze kwa Kiswahili, kwa sababu tahajia ya Kiingereza huipa herufi a sauti kadha wa kadha, na anayefundishwa tahajia mbili kwa wakati mmoja huhangaika pasipo faida. Na kuhusu kuandika, daftari lenye mistari mipana, penseli, na imla ya maneno matatu kila jioni vinatosha mwaka wa kwanza.

Vifaa vikishachaguliwa vinahitaji makao, na hapa hali ya nchi yetu ina amri yake. Sehemu nyingi za Rungwe hupata mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka, na karatasi huvuta unyevu ikaota ukungu. Vitabu viwekwe katika sanduku la bati lililoinuliwa juu ya mbao, mbali na ukuta wenye maji na mbali na moshi wa jikoni, vifunguliwe na kupungiwa hewa kivulini kila siku kavu ipatikanapo. Ndani ya sanduku vigawanywe kwa matumizi: vya kusomewa na mzazi, ambavyo vyaweza kuwa vigumu kupita uwezo wa mtoto, vya kusoma mwenyewe, vilivyo katika sauti alizokwisha zijua, na vya kungoja. Uzi wa rangi ukifungwa katika uti wa kila kitabu kuonyesha ngazi yake ya sauti, hata kaka au dada mkubwa ataweza kumchagulia mdogo wake kitabu kinachomfaa wakati mama yuko shambani. Kadi zikae katika bahasha, kila ngazi na bahasha yake. Na mzazi awe na daftari lake mwenyewe, aandike neno lililomkwaza mtoto jana, ili aanze nalo leo. Daftari hilo litampangia masomo kwa usahihi zaidi kuliko kiongozi chochote cha mwalimu, kwa kuwa limeandikwa kwa ajili ya mtoto mmoja tu.

Ipo aina moja ya kitabu ambayo haimo katika duka lolote, nami naithamini kuliko zote. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika jinsi wenyeji walivyoyatukuza mazungumzo na ushirika wa rika, hata vijana wa umri mmoja wakijenga vijiji vyao wakaishi pamoja. Vijiji hivyo vimekwisha, lakini wazee wenye ngano wangalipo, na kila mwaka wanapungua. Mtoto amsikilize bibi akisimulia kwa Kinyakyusa. Kisha aisimulie ngano hiyo kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, na mzazi aiandike kama ilivyosemwa, sentensi moja kila ukurasa, nafasi ya juu ikiachwa kwa picha atakayoichora mtoto. Kitabu hicho atakisoma kwa wepesi kwa kuwa kila neno lilitoka kinywani mwake, na atafahamu, jambo ambalo watoto wengi huchelewa kulifahamu, kwamba maandishi ni maneno ya watu.

Kwa hiyo mzazi wa Ibighi mwenye fedha kidogo, naye ataka kuanza mwezi huu, namsihi anunue kwanza madaftari mawili na penseli, amwombe bibi au babu wa mtoto ngano moja, na kuitengenezea kitabu kabla ya juma kwisha. Vitabu vya dukani vifuate baadaye, kimoja kimoja, kwa kadiri mtoto anavyomaliza alichonacho.