Kumbukumbu za Wagonjwa katika Kompyuta ya Kuunganishwa: Nakala Rudufu na Njia za Urejeshaji

Kliniki na zahanati ndogo mara nyingi hutumia kompyuta iliyounganishwa na fundi kwa vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja. Uamuzi huo una busara yake: gharama huwa nafuu, na kipuri kinachoharibika hubadilishwa peke yake. Hata hivyo, ndani ya diski ya kompyuta hiyo hukaa majibu ya maabara, dozi, mzio wa dawa na tarehe za marudio. Diski inapokufa bila nakala, hasara kubwa humfika mgonjwa: vipimo hurudiwa, matibabu huchelewa, na onyo kuhusu dawa inayomdhuru hupotea. Makala hii inaeleza namna ya kuandaa nakala rudufu na, zaidi ya hayo, namna ya kuhakikisha kwamba nakala hizo zinarejesheka.

Upekee wa kompyuta ya kuunganishwa

Kompyuta nyingi zinazotoka kiwandani huja na sehemu maalumu ya diski yenye nyenzo za kurejesha mfumo endeshi. Kompyuta ya kuunganishwa haina sehemu hiyo. Kila kipuri huwa na dhamana yake, na dhamana ya diski humpa mnunuzi diski mpya, si taarifa zilizokuwamo.

Kwa hiyo mmiliki hana budi kujiandalia mwenyewe flashi ya kusakinisha mfumo endeshi (kwa Windows, isiyopungua GB 8), namba ya leseni, viendeshi vya vipuri, hasa cha mtandao, pamoja na programu ya kliniki.

Jambo moja husahaulika mara kwa mara. Iwapo diski imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker, kubadilisha bodi mama, ambayo mafundi huiita mazabodi, kutaifanya kompyuta idai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Bila ufunguo huo, taarifa hazisomeki hata kama diski ni nzima. Ufunguo uandikwe karatasini na kufungiwa kabatini. Usihifadhiwe ndani ya kompyuta ileile pekee.

Yanayodhaniwa kuwa nakala rudufu

Baadhi ya mafundi hufunga diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja. Mpango huo huzuia kazi isisimame diski moja inapokufa, lakini faili likifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa katika diski zote mbili papo hapo. Folda inayolinganishwa na wingu ina udhaifu wa aina hiyo iwapo huduma haihifadhi matoleo ya zamani. Nakala iliyowekwa katika sehemu nyingine ya diski ileile nayo hufa pamoja na diski.

Kanuni ya 3-2-1

Kanuni inayokubalika na wengi inataka taarifa ziwe katika nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae nje ya jengo. Kwa kliniki ndogo, nakala hizo zaweza kuwa kompyuta yenyewe, diski ya nje, na hifadhi ya wingu au diski ya pili iliyo mahali pengine salama.

Nakala za mafaili zichukuliwe kila siku. Taswira ya diski nzima, ambayo huchukua mfumo endeshi, programu na mafaili kwa pamoja, yaweza kuchukuliwa kila mwezi; Clonezilla ni programu ya bure ifanyayo kazi hiyo. Kanzidata ya wagonjwa isinakiliwe ikiwa wazi, kwa kuwa nakala yake yaweza kutoka na kasoro. Itumike amri ya kuhifadhi iliyomo katika programu yenyewe.

Diski ya nje ichomolewe mara kazi inapokwisha. Tarehe 12 Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilifunga mafaili katika hospitali nyingi za huduma ya afya ya umma ya Uingereza, na maelfu ya miadi yakaahirishwa. Programu za namna hiyo hufunga pia diski yoyote iliyochomekwa.

Kila hitilafu na tiba yake

1. Bodi mama au kifaa cha umeme kimeharibika: diski huwa bado nzima mara nyingi. Huhamishiwa kompyuta nyingine, na mafaili husomwa.

2. Mfumo endeshi hauwaki: kompyuta iwashwe kwa flashi, mafaili yaokolewe kwanza, ndipo mfumo usakinishwe upya.

3. Diski inagonga au imekufa: izimwe mara moja. Taswira irejeshwe katika diski mpya, kisha yaongezwe mafaili ya nakala ya karibuni.

Jaribio la urejeshaji

Mwezi Mei 2021 huduma ya afya ya Ireland ilishambuliwa na programu hasidi. Washambuliaji walitoa ufunguo baada ya siku chache, lakini kurejesha mifumo kulichukua miezi, na watumishi walirudia karatasi. Kuwa na taarifa na kuweza kuzitumia ni mambo mawili tofauti.

Angalau kila baada ya miezi mitatu, nakala irejeshwe katika diski nyingine, mafaili kadhaa yafunguliwe, na muda uliotumika uandikwe. Hatua ziandikwe kwa lugha ambayo muuguzi wa zamu ataielewa fundi asipopatikana.

Usiri na wajibu wa mgonjwa

Nakala ya kumbukumbu ina siri zilezile za kumbukumbu yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hivyo diski za nje zifungwe kwa nywila na kabatini.

Mgonjwa naye atunze kadi yake ya kliniki, majibu ya vipimo, na orodha ya dawa anazotumia na zinazomdhuru. Siku mashine itakaponyamaza, karatasi hizo zitamwezesha mtoa huduma kuendelea na matibabu bila kubahatisha.