Kuupa Mlima Mgongo

Mwanafunzi wa upigaji picha akaaye Moshi amejaaliwa neema moja iliyo pia mtihani wake: kila alfajiri isiyo na mawingu hufungua dirisha akakuta Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kimesimama mbele yake, cheupe na kitulivu, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kabla mawingu ya asubuhi hayajakisitiri huwa amekwisha kukipiga picha, na jioni kifunukapo tena hurudia. Kisha mwisho wa mwaka, apangapo kazi zake mbele ya mwalimu, huona kwa majonzi kuwa hazina tofauti na kadi wanazouziwa watalii mjini. Hapo ndipo huzaliwa swali linalomkosesha usingizi: mimi ni nani katika sanaa hii?

Swali hilo ni halali, lakini aghalabu hujibiwa kwa pupa. Wengi hudhani nafsi ya msanii ni vazi la kuchaguliwa dukani, yaani rangi fulani, lenzi fulani, au namna fulani ya kukoleza vivuli. Rai yangu ni nyingine. Nafsi ya mpiga picha hutokana na swali analouliza kwa picha zake, na swali hilo halidhihiriki ila kwa mtu arejeaye mahali pamoja mara nyingi.

Mlima wenyewe ni shahidi. Mwaka 1912 mwanajiografia wa Kijerumani, Fritz Klute, na mwenziwe Eduard Oehler, waliupiga picha Kilimanjaro kwa nia ya kuupima: picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa kutoka vituo viwili, hushirikiana kama macho mawili ya mwanadamu, zikatambulisha umbali na kimo, na kwa hizo ramani ikachorwa. Kwa fadhila ya kazi ile twajua leo kwamba barafu iliyoenea kiasi cha kilomita za mraba 12 zama zile ilikuwa imepungua hata chini ya 2 kufikia mwaka 2011. Na wamisionari wa Leipzig, walioingia Uchaggani, nchi ya Wachagga wa mlima huo, mwaka 1893, waliwapiga picha watu wa miteremko hiyo hiyo, pamoja na shule na makanisa, wapate kuwaonyesha waumini wa kwao matunda ya sadaka zao. Mlima ulikuwa mmoja. Maswali yalikuwa mawili.

Wala mwanafunzi asione haya kuiga. Ranchhod Oza, mzaliwa wa Gujarat, alitumika kwanza katika studio ya Gomes huko Unguja ndipo akafungua yake, Capital Art Studio, mwaka 1930. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na kamera duni ya Box Brownie angali mwanafunzi. Kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzisha mwaka 1963, na picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu mwaka 1984. Uanagenzi ulitangulia, jina likafuata.

Liko pia jambo la ufundi ambalo huonekana dogo, ilhali ndani yake mna siri kubwa ya nafsi. Kipimo cha mwanga kilichomo katika kamera hakijui kinatazama nini; huchukulia kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, ni rangi ya kijivu. Kwa hiyo theluji hutoka kama jivu, hata mpigaji akalazimika kuzidisha mwanga mara mbili, pengine mara nne. Sasa tuseme bibi ameketi kivulini mwa migomba, na nyuma yake mbingu yang'ara: kipimo hughurika kwa weupe ule, kikapunguza mwanga, na uso wa bibi ukawa kiza kitupu. Mpigaji hana budi kuamua amwokoe nani, mbingu au bibi. Amsogeleaye bibi akapima mwanga wa shavu lake, akakubali mbingu na kilele vifutike, amekwisha kusema jambo juu ya nafsi yake; na aliyeuacha uso gizani kwa ajili ya mlima naye amesema lake.

Nasaha yangu basi ni hii: upe mlima mgongo kwa muda wa mwaka mmoja. Chagua kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo, kiwe cha Kibosho, Marangu au Rombo, uombe idhini kwa mwenyewe, nawe urejee kila juma. Tazama maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, yafunguliwavyo kwa zamu, mimea ya masale iliyopandwa mpakani kuwa mashahidi wa miliki, kahawa chini ya migomba, na ukoo urejeapo Desemba ukajaza ua. Kila mwezi tandaza picha 100 sakafuni, uzitazame kimya. Utakuta jicho lako limependelea kitu usichokikusudia, labda mikono kuliko nyuso, labda milango kuliko njia. Hilo lililojirudia pasipo amri yako ndilo lako, na swali lake uliandike kwa sentensi moja kabla hujainua kamera tena.

Na picha ya kwanza utakayoridhika nayo, usiikimbize mashindanoni. Ichapishe, uipeleke kwa mwenye kihamba, ukae umsikilize akuambie kilichokosekana.