Umezima, Hujamwaga

Kitenzi "kuzima" nimekifundisha kwa miaka mingi. Nimewaonyesha wanafunzi jinsi kinavyozaa zimia, zimika na zimisha, tukajadili kwa nini taa huzimwa na mtu huzimia, bila kushuku hata siku moja kwamba kitenzi hicho kingeweza kumuua mmoja wao.

Mwanafunzi mwenyewe ni kijana wa Kisauni, mpenzi wa gita. Shule moja ya bara ilikuwa ikiuza vitu vya ghalani kwa kilo, madawati yaliyovunjika pamoja na vyuma chakavu, naye akapata humo amplifaya kuukuu ya matangazo, ya zama za valvu. Kwa wasomaji vijana, valvu ni vile vichupa vya kioo vilivyowaka ndani mithili ya kaa la moto, vilivyofanya kazi ya kukuza sauti kabla transista haijatwaa nafasi yake. Wapiga gita wa dunia nzima wangali wanavitafuta. Naye alitaka kuigeuza mashine ile iliyokuwa ikimtangazia mwalimu mkuu iwe ya gita lake, nikaandamana naye hadi Likoni kwa fundi mmoja aliyeanza kutengeneza redio kabla ya daraja jipya la Nyali kufunguliwa mwaka 1980.

"Shikamoo, mzee," kijana akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umeiwasha?"

Alikuwa ameiwasha asubuhi. Valvu alikuwa amezichomoa na kuzifunga katika gazeti zisivunjike njiani, ila alitaka kuona kama umeme ungali unafika. Kisha akaizima, akachomoa plagi, tukapanda feri. Alipokwisha kufungua kifuniko aliingiza mkono kuonyesha waya uliolegea, na mzee akamshika kiwiko. Alichukua mita, akagusisha ncha zake kwenye kapasita kubwa. Mshale ulipita volti 200.

"Umezima, hujamwaga," akasema.

Kapasita yeye huiita mtungi. Umeme huingia ukakaa, na kuufunga mfereji hakuyaondoi maji yaliyomo mtungini. Katika mashine nzima, valvu zenyewe ndizo zinazounywa umeme huo baada ya kuzimwa. Zikiwa zimechomolewa, hakuna wa kuunywa. Hivyo alichukua rezista, akaiunganisha baina ya ncha mbili za mtungi, akangoja hadi mshale ukarudi sufuri. Kijana alikuwa na maelekezo kamili ya Kiingereza mfukoni, na sentensi yenye onyo hilo alikuwa ameisoma. Alipoitafsiri kichwani mwake, alipata "kuzima".

Yaliyofuata yalichukua majuma matatu, nami nilihudhuria kila nilipopata nafasi. Kwanza waya wa umeme wa nyuzi mbili uliondolewa, ukawekwa wa nyuzi tatu, ule wa ardhi ukafungwa imara kwenye bati la mashine, maana mpiga gita hushika nyuzi za chuma zilizounganishwa na bati hilo. Mitungi ya zamani, ambayo hukauka kwa umri, ilibadilishwa yote. Kisha mashine iliwashwa kupitia globu iliyounganishwa mfululizo na umeme wa nyumba: globu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, mna shoti ndani, ikimeta kidogo na kufifia, endelea.

Mlango wa kuingizia sauti ulitengenezwa upya kwa rezista ya omu milioni moja, kwa kuwa gita halitaki kubanwa jinsi maikrofoni ya zamani ilivyobanwa. Lakini tatizo kubwa lilikuwa upande wa kutokea. Amplifaya za matangazo zilitoa sauti kwa volti 100, na sababu yake ni nzuri sana kwa mwalimu wa fizikia. Wati 30 zikipelekwa kwenye spika ya omu 8 huhitaji karibu ampea 2. Zikipelekwa kwa volti 100 huhitaji ampea 0.3 tu, na waya mwembamba huweza kufika mwisho wa uwanja bila kupoteza nguvu nyingi njiani. Ila ukifunga spika ya omu 8 moja kwa moja kwenye mlango ule ulioundiwa omu 333, valvu zitateseka. Kwa bahati transfoma ilikuwa na mlango mwingine wa omu 8, umefichwa nyuma ya kipande cha bati.

Hapa si mahali pa kudai kwamba ugeuzaji huu ni uzushi wa mapecha. Jim Marshall na mafundi wake wa London, walipoanza kuunda amplifaya mwanzoni mwa miaka ya 1960, walifuata mchoro wa Fender Bassman ya Marekani, iliyokusudiwa gita la besi. Nasi Mombasa tulikwisha kuifanya tashkota, ala yenye asili ya Japani, kuwa ala ya taarabu. Na marehemu Fundi Konde, aliyefariki mwaka 2000, hutajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gita la umeme; huyo ni mtu wa pwani hii.

Ninalolalamikia ni jingine. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, nasi tuliokipenda tukashangilia. Fizikia iliendelea kwa Kiingereza. Tukabaki na Kiswahili cha insha na ushairi, huku Kiswahili cha mtungi na kumwaga kikiishi kwenye vibanda vya Likoni na Changamwe bila mtu wa kukiandika. Wanaisimu tumeunda istilahi mezani, nami ni mmoja wao, na nyingine hazijapata kutamkwa na fundi yeyote. Kamati ipi ingefikiria "kumwaga"?

Siku ya mwisho kijana alipiga gita, na sauti ilipopandishwa ikaanza kukwaruza kwa ule ukali mtamu anaoutafuta. Mimi, kwa udadisi wa kazi yangu, niliomba maikrofoni nikatamka "sisi" na "fifi" kwa zamu. Mzee, aliyekuwa amekaa nje, hakuweza kuzitofautisha. Hilo halikunishangaza: konsonanti hizo hukaa juu sana, nazo spika za gita hazifiki huko. Mwalimu mkuu asingeitaka tena.

Kabla ya kuondoka nilimwomba mzee ruhusa ya kuandika maneno yake yote katika daftari. Aliniuliza ni ya nini. Nilipomweleza, akanivutia kigoda na kuanza na transfoma.